Picha za Mark Rothko Ndani ya Fremu

Mwaka 1961 Mark Rothko alichora picha ya rangi ya machungwa, nyekundu na manjano, ambayo mwaka 2012 ilinadiwa New York kwa dola milioni 86.9, na kwa bei kama hiyo si ajabu kwamba wapenzi wengi wa kazi zake hutosheka na nakala iliyochapwa na kutiwa fremu. Rothko, aliyezaliwa Dvinsk (leo Daugavpils, nchini Latvia) mwaka 1903 na kufariki New York mwaka 1970, alijipatia sifa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa sanaa dhahania, yaani sanaa isiyoonyesha mtu, mti wala nyumba, bali huiacha rangi yenyewe iseme.

Kinachopotea kwanza katika nakala ni ukubwa. Picha yake Na. 61 ya mwaka 1953, iliyohifadhiwa Los Angeles, inakaribia kimo cha mita 3, na mchoraji alitaka mtazamaji aisogelee mpaka rangi zimzingire. Ikipunguzwa kuwa sentimita 60, hubaki kumbukumbu ya mpangilio wa rangi tu. Isitoshe, Rothko alipaka rangi nyepesi tabaka juu ya tabaka, ya chini ikipenya ya juu, akaiendeleza hadi ubavuni mwa turubai, tena bila fremu. Fremu, basi, ni haja ya karatasi, wala si ya mchoraji.

Karatasi nayo hutofautiana. Nakala ya bei nafuu huchapwa kwa ofseti, mtambo unaotumia wino wa rangi 4, na anayeichungulia kwa lenzi huona vinukta vilivyojipanga kama vijiua. Rangi ya damu ya mzee, ambayo Rothko aliipenda, ndiyo huumia zaidi hapo. Nakala iitwayo zhikle, kutokana na neno la Kifaransa la kurusha matone, hunyunyizwa wino wa rangi nyingi zaidi, hivyo huukaribia zaidi ule mpito laini wa rangi, na gharama yake hulipika. Huko Ulaya hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanii, kwa hiyo muuzaji asiyeweza kuonyesha kibali hafai kuaminiwa.

Mnunuzi adai kadibodi isiyo na asidi nyuma ya karatasi, na kioo kinachozuia miale ya urujuanimno, kisha aiepushe picha na ukuta unaopigwa na jua. Picha halisi zenyewe hazikusalimika: 5 zilizotundikwa katika chumba cha kulia chakula cha Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1964 zilipauka kwa mwanga wa madirishani, zikaondolewa kufikia mwaka 1979. Zilipoonyeshwa tena mwaka 2014, rangi zilirejeshwa kwa mwanga maalumu uliomulikwa juu yake, na kila siku saa kumi alasiri, mitambo ilipozimwa, wageni waliziona zilivyochakaa.