Usiue kipepeo cha taa

Mvua ikianza, kipepeo kikubwa cha usiku kinakuja kugonga taa: mabawa ya kahawia, na kwenye yale ya nyuma macho mawili rangi ya machungwa. Wengine wanakiponda, eti ni cha wachawi. Kumbe ndiye mama ya vile viwavi vyeusi vya miiba tunavyokula na kuuzisha sokoni! Wataalamu wanakiita Bunaea alcinoe. Chenyewe hakili kitu. Kinaishi siku chache tu, kinataga mayai kwenye majani, basi. Kiwavi kikishiba kinashuka, kinajizika katika udongo na kugeuka humo.

Sasa mwenye kuangusha muti mzima juu ya viwavi vya leo, mwaka kesho ataokota wapi? Na moto wa pori unaunguza mayai pamoja na majani. Wanachama mupatane mbele ya msimu: miti gani haikatwe, na nani atachunga moto.