Ukinunua sanduku la safari, ufikirie mgongo wako

JE, umewahi kuwatazama marubani na wahudumu wa ndege wakipita katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Embakasi? Sare zimenyooshwa vizuri, viatu vinang'aa, na kila mmoja anavuta sanduku jeusi la magurudumu. Huenda ukadhani sanduku hilo ni sehemu ya mapambo ya kazi. La hasha! Hicho ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima, na kikiwa kibovu humwachia mwenyewe maumivu ya mgongo, bega au kifundo cha mkono.

Msomaji, tofauti kati yako na watu hawa ni kwamba wewe huenda unasafiri kwa ndege mara moja au mbili kwa mwaka, ilhali wao hushika mpini wa sanduku karibu kila siku ya kazi. Hulitoa nyumbani, hulipakia kwenye gari la kampuni, hulivuta uwanjani, hulipandisha ngazi za ndege, huliinua kabatini juu ya viti, kisha hurudia hayo yote katika hoteli ya mji mwingine. Kosa dogo la sanduku likirudiwa mara mamia kwa mwaka hugeuka kuwa ugonjwa.

Na ugonjwa wa mgongo si jambo dogo katika kazi hii. Rubani hawezi kurusha ndege bila cheti cha daktari kinachothibitisha afya yake. Mhudumu naye hutakiwa kusukuma toroli la vyakula, kuinama mara kwa mara, na kufungua mlango mzito wa ndege kukitokea dharura. Mgongo ukikataa, mshahara nao huwa mashakani.

Sanduku lilivyopata magurudumu

Ajabu ni kwamba binadamu alifika mwezini mwaka wa 1969 kabla ya masanduku yenye magurudumu kuanza kuuzwa kwa wingi. Mwaka wa 1970, Mmarekani Bernard Sadow, aliyefanya kazi katika kampuni ya kutengeneza masanduku, alibuni sanduku lenye magurudumu manne na ukanda wa kulivutia. Alipata hataza yake mwaka wa 1972. Hata hivyo, sanduku hilo lilivutwa likiwa limelala, na liliyumba ovyo.

Aliyelifanya sanduku liwe kama tunavyolijua leo alikuwa rubani. Mwaka wa 1987, Robert Plath, aliyerusha ndege za shirika la Northwest la Marekani, alisimamisha sanduku wima, akalitia magurudumu mawili upande mmoja na mpini mrefu unaochomoka upande wa pili. Mwanzoni aliwauzia marubani na wahudumu wenzake. Abiria walipoyaona uwanjani, nao wakayataka, na Plath akaanzisha kampuni ya Travelpro. Kwa hivyo, sanduku unalovuta leo lilizaliwa kutokana na uchovu wa wafanyakazi wa ndege.

Aidha, marubani walikuwa na mzigo wa pili, yaani mkoba uliojaa ramani na vitabu vya mwongozo. Shirika la American Airlines lilipobadilisha makaratasi hayo kwa iPad mwaka wa 2013, lilieleza kwamba kila mkoba ulikuwa na uzito wa zaidi ya ratili 35, yaani karibu kilo 16. Fikiria rubani akiinua uzito huo kwa mkono mmoja, akiwa amejipinda katika chumba chembamba cha kurushia ndege!

Mwili huumiaje?

Ukibeba mzigo kwa mkono mmoja, misuli ya upande wa pili wa kiuno hulazimika kukaza ili usianguke. Mkazo huo huzibana pingili za uti wa mgongo pamoja na visahani vya gegedu vilivyo katikati yake. Ukiongeza kujipinda, kama vile unapogeuka huku umeinua sanduku, hatari huzidi. Kadhalika, kuinua kitu kizito juu ya kichwa husumbua kano za bega, ambazo huchelewa kupona zikishachanika.

Magurudumu huondoa sehemu kubwa ya mzigo huu, lakini kwa sharti kwamba yanazunguka. Gurudumu likikwama, sanduku la kilo 10 hukokotwa badala ya kuvutwa. Likivunjika kabisa, mwenyewe hulibeba begani. Ndiyo sababu uimara wa sanduku ni suala la afya, wala si la fedha na fahari peke yake.

Mawili au manne?

Sanduku la magurudumu manne yanayogeuka kila upande husukumwa likiwa wima kando yako. Mkono haupindi nyuma, na kifundo hubaki kimenyooka. Kwenye sakafu laini ya uwanja wa ndege, hili ndilo hupumzisha mwili zaidi. Kasoro yake ni kwamba magurudumu hayo huchomoza nje, hivyo hugongwa na kuvunjika kwa urahisi. Tena kwenye mteremko au ndani ya gari, sanduku huondoka lenyewe.

Sanduku la magurudumu mawili huvutwa nyuma likiwa limeinama. Magurudumu yake huwa makubwa zaidi na hukaa ndani ya mashimo maalumu yanayoyakinga. Huvumilia lami iliyochimbika, kingo za njia na ngazi, na ukilisimamisha hutulia. Hata hivyo, bega lako huvutwa nyuma, kwa hivyo ni lazima ubadilishe mikono mara kwa mara.

Chagua kulingana na njia unazopita. Anayetoka ndani ya jengo, akaingia garini, akashukia hotelini, atafurahia manne. Anayevuka barabara za mtaani na vituo vya mabasi, mawili yatamfaa zaidi.

Mambo ya kukagua dukani

Usidanganywe na rangi wala jina lililoandikwa mbele. Chukua dakika 10 ukague yafuatayo:

Magurudumu. Liinue sanduku na uzungushe gurudumu kwa kidole. Zuri huzunguka kwa muda bila kelele. Litikise, likicheza sana, achana nalo. Mpira mgumu ulio laini kidogo hupunguza mtetemo kuliko plastiki kavu. Zaidi ya yote, tazama limefungwaje. Likifungwa kwa skrubu, fundi anaweza kulibadilisha. Likifungwa kwa ribiti, huenda sanduku zima likatupwa kwa sababu ya gurudumu moja.

Mpini. Uvute hadi mwisho na utembee hatua 20. Sanduku likiwa limeinama nyuma yako, mkono unapaswa kuning'inia karibu ukiwa umenyooka. Ukilazimika kuinama upande mmoja, au kisigino kikiligonga sanduku, mpini huo ni mfupi kwako. Wanaume na wanawake warefu watafute mpini wenye vituo kadhaa vya urefu. Mipini ya alumini nene hudumu kuliko ya bati jembamba.

Ganda. Kwa masanduku ya kitambaa, naironi nzito ndiyo hupendwa na wafanyakazi wa ndege. Unene wa nyuzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho denieri. Kadiri nambari ilivyo kubwa, ndivyo uzi ulivyo mnene. Naironi iliyo bora zaidi katika kundi hili ni ya aina ile iliyobuniwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya fulana za kuwakinga wanajeshi. Kwa masanduku magumu, plastiki ya polikaboneti hubonyea na kurudi, ilhali ile ya bei nafuu iitwayo ABS hupasuka ikigongwa vibaya.

Zipu. Ifunge na kuifungua kwa mkono mmoja, hasa kwenye kona. Ikikwama sanduku likiwa tupu, itakuwaje likijaa? Zipu kuu iwe nene kuliko zile za mifuko ya nje.

Uzito. Hapa wengi husahau. Sanduku la kuingia nalo ndani ya ndege kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 2 na 4 likiwa tupu. Kila kilo ya sanduku lenyewe ni kilo utakayoiinua daima. Lakini pia sanduku jepesi kupita kiasi mara nyingi limepunguziwa fremu. Tafuta la wastani, ambalo ukilibonyeza pembeni halijikunji.

Kisha fanya jaribio la mwisho. Muombe mwenye duka akuwekee vitu vizito ndani. Pakiti 5 za unga wa kilo 2 zinatosha kukupa kilo 10. Livute, ligeuze, liinue hadi kifuani. Sanduku tupu hupendeza daima. Ukweli hujulikana likiwa limejaa.

Muulize pia kuhusu dhamana, na uisome. Baadhi ya dhamana hazihusu uchakavu wa kawaida au matumizi ya kikazi, na hapo mfanyakazi wa ndege hubaki bila msaada.

Tahadhari kuhusu betri

Siku hizi kuna masanduku yenye betri ya kuchajia simu. Tangu mwaka wa 2018 mashirika mengi ya ndege hutaka betri hiyo iwe ya kutolewa, kwa kuwa betri za lithiamu zinaweza kushika moto. Sanduku likipelekwa sehemu ya mizigo, betri hiyo itolewe na ibaki na mwenyewe. Kama haitoki, usilinunue.

Vipi wa Wilson?

Marubani wa ndege ndogo zinazotoka Wilson kwenda Maasai Mara na kwingineko wana hali tofauti. Nafasi ya mizigo ni ndogo, na kwa kawaida abiria huruhusiwa kilo 15 katika begi laini. Huko wanakotua, viwanja vingi ni vya murram na nyasi, ambako magurudumu hayana kazi. Kwao, begi laini la mgongoni lenye kanda mbili pana na mkanda wa kiunoni ni bora. Kanda zote mbili zivaliwe. Begi la bega moja hurudisha tatizo lile lile la mwili kukaza upande mmoja.

Namna ya kulitumia

Sanduku zuri katika mikono isiyojua bado huumiza. Vitu vizito kama viatu viweke chini, karibu na magurudumu, ili lisipinduke. Mkoba wako wa pili ufunge juu ya sanduku badala ya kuuning'iniza begani. Kwenye ngazi, lishike kwa mpini mfupi, ulikaribishe mwilini. Usilikokote kidato kwa kidato.

Unapoliinua kwenda kabatini, gawa kazi mara mbili. Kwanza liweke juu ya kiti. Kisha, miguu ikiwa imeachana, lishike kwa mikono miwili ulipandishe. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno. Na baada ya safari ndefu, usikurupuke kitini na kunyakua sanduku. Tembea kidogo kwanza, kwa maana mgongo uliokaa saa nyingi huwa haujawa tayari kwa mzigo.

Nawe abiria, kumbuka hili: ukipakia begi ambalo huwezi kuliinua mwenyewe, usimtwike mhudumu. Yeye huwaona abiria wengi kama wewe kila siku, na ana mgongo mmoja tu.

Mara moja kwa mwezi, lipindue sanduku uondoe nywele na nyuzi zilizojiviringa kwenye ekseli za magurudumu. Usitie mafuta ya kupikia, kwani hunasa vumbi. Gurudumu likianza kupiga kelele, lipeleke kwa fundi mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni mgongo wako.

Lini umwone daktari?

Maumivu mengi ya kiuno hupungua katika wiki chache, na kuendelea kutembea polepole husaidia kuliko kulala kitandani siku nzima. Lakini mwone daktari bila kuchelewa ikiwa maumivu yanashuka mguuni, ikiwa mguu unakufa ganzi au kulegea, ikiwa bega haliwezi kuinuka, au ikiwa maumivu hayakuachi usiku. Ukishindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au ukihisi ganzi katikati ya mapaja, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hiyo ni dharura.

Basi, msomaji, utakapoingia dukani, usiulize bei peke yake. Sanduku la bei nafuu litakalovunjika gurudumu katika safari ya tatu litakugharimu sanduku jingine, na huenda pia ada ya daktari. Rahisi ghali. Gurudumu hununuliwa na kubadilishwa, lakini pingili za uti wa mgongo hazina duka.