Mtoto Asiyetulia na Kopo la Virutubisho

Virutubisho vya nyongeza vinavyouzwa kwa ajili ya watoto wenye shida ya umakini ni vya aina nyingi, lakini vinavyojirudia kwenye rafu za famasi ni vichache: mafuta ya samaki yenye omega-3, madini ya chuma, zinki na magnesiamu, na mchanganyiko wa vitamini uliotiwa ladha ya matunda. Wazazi huvifikia kwa njia inayofanana. Mwalimu analalamika kwamba mtoto hamalizi kazi, anazurura darasani, anapoteza madaftari. Nyumbani hatulii hata mezani. Ndugu au jirani anamtaja mtoto mwingine aliyepewa kopo fulani akatulia, na kopo linanunuliwa kabla mtoto hajapimwa chochote. Kasoro iko kwenye mpangilio huo. Kirutubisho kazi yake ni kuziba pengo, na pasipo pengo hakina cha kuziba.

Shida ya umakini si ugonjwa mmoja. Iko hali ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD, inayokadiriwa kuwapata watoto wapatao 5 katika kila 100 duniani. Mtoto huhesabiwa kuwa nayo iwapo dalili zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana mahali pawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Anayeshindwa kufuatilia somo darasani tu huenda haoni ubao au hasikii vizuri. Mwingine halali vya kutosha, au hutoka nyumbani bila kutia kitu tumboni. Kuna kifafa kisicho na degedege, ambacho humfanya mtoto aduwae kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, na mwalimu akadhani anaota ndoto za mchana. Malaria kali iliyopanda kichwani nayo huweza kuacha athari kwenye ubongo miaka baada ya homa kupona. Hakuna kati ya haya linalotibiwa kwa kopo la vitamini.

Upungufu wa damu ni habari nyingine, nao unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko vyote katika Afrika Mashariki. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba watoto 58 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu. Visababishi vinafahamika: chakula kisicho na chuma cha kutosha, malaria, minyoo ya safura inayonyonya damu utumboni, na magonjwa ya kurithi kama selimundu. Chuma hakihitajiki kwa damu peke yake. Ubongo hukitumia kutengeneza dopamini, kemikali inayohusika na umakini na hamu ya kutenda, na ambayo dawa za ADHD huigusa moja kwa moja. Mtoto aliyepungukiwa chuma huchoka upesi, hukasirika haraka na hashiki anachofundishwa. Jaribio dogo lililofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2008 liliwahusu watoto 23 wenye ADHD ambao akiba yao ya chuma ilikuwa ndogo. Waliopewa chuma kwa wiki 12 walionyesha nafuu katika baadhi ya vipimo. Wote walikuwa na pengo tangu mwanzo, na hilo ndilo la kukumbukwa.

Kisiwa cha Pemba kimeifundisha dunia pande zote mbili za jambo hili. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya jaribio ambamo watoto wa huko walio chini ya umri wa shule walipewa chuma kidogo kila siku kwa miezi 12. Lugha yao ilikua vizuri zaidi, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliimarika pia katika kutembea na kutumia viungo. Mwaka 2006 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio jingine kubwa la kisiwani humo, safari hii kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi 35. Chuma na asidi ya foliki vilitolewa kwa wote bila kwanza kutazama nani amepungukiwa. Waliopewa walilazwa hospitalini au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Katika kundi dogo lililopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu, waliokuwa na upungufu wa chuma walifaidika. Madhara yalielekea kwa wasiokuwa nao. Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake, na sasa linataka utoaji wa chuma kwa watoto katika maeneo ya malaria uende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Watoto wa jaribio lile walikuwa wadogo kuliko wa darasa la pili au la tatu, lakini kwa mzazi anayeishi kwenye eneo la malaria funzo linabaki lile lile: damu ipimwe kwanza.

Kipimo cha wingi wa damu hufanyika katika vituo vingi vya afya. Cha ferritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, hupatikana zaidi katika hospitali na maabara kubwa, nacho kina mtego: ferritini hupanda mtoto anapokuwa na malaria au maambukizi mengine, hivyo majibu yanaweza kuonekana mazuri ilhali akiba ni ndogo. Kwa mtoto mwenye selimundu, hasa aliyewahi kuongezewa damu, chuma kinaweza kuwa kimezidi tayari, na kumwongezea bila ushauri wa daktari ni kumdhuru.

Mafuta ya samaki ndiyo yaliyochunguzwa zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliokusanya majaribio 10 yenye watoto 699 ulikuta nafuu ndogo, pungufu mno kuliko ile inayoletwa na dawa za hospitali. Uchambuzi wa mtandao wa Cochrane wa mwaka 2023 ulipitia majaribio 37 na haukuona faida ya kuaminika kwa umakini. Taasisi ya NICE ya Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, iliwaagiza wahudumu wa afya wasiyapendekeze kama tiba ya ADHD. Hayana madhara makubwa kwa kiasi cha kawaida. Hasara yake kubwa iko mfukoni. Familia inayoweza kupata vibua au dagaa wa baharini humpa mtoto omega-3 pamoja na protini, kwa bei isiyolingana na ya kopo. Mafuta ya ini la samaki ni kitu tofauti, kwa sababu yana vitamini A, ambayo hujilimbikiza mwilini na kuwa sumu ikizidi.

Kuhusu zinki, majaribio ya Uturuki na Iran yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha nafuu. La Marekani la mwaka 2011 halikuionyesha. Zinki ikitumiwa nyingi kwa muda mrefu huzuia mwili kufyonza madini ya shaba, na upungufu wa shaba nao huleta upungufu wa damu. Magnesiamu ushahidi wake ni hafifu, na ikizidi huharisha. Vitamini kwa dozi kubwa zilijaribiwa Kanada, na matokeo ya mwaka 1984 hayakuonyesha nafuu yoyote, ila baadhi ya watoto vipimo vyao vya ini viliharibika.

Mbona basi wazazi wengi hushuhudia mabadiliko? Hawasemi uongo. Utulivu wa mtoto hupanda na kushuka wenyewe, na kopo hununuliwa siku mambo yalipokuwa mabaya zaidi. Matarajio nayo hubadilisha macho. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani Daniel Hoover na Richard Milich waliwaita akina mama walioamini kwamba sukari huwachachafya watoto wao. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Mama walioambiwa kilikuwa na sukari nyingi waliwaona watoto wao watundu zaidi kuliko mama wengine walivyowaona wao. Kwa sababu hiyo ushuhuda wa mwalimu asiyejua kwamba mtoto ameanzishiwa kitu una uzito kuliko wa aliyekinunua.

Kinachosaidia kwa ushahidi ni mafunzo kwa wazazi ya namna ya kumwelekeza mtoto, mpangilio mzuri darasani, na kwa baadhi ya watoto dawa kama methilifenideti chini ya daktari. Kwa walio chini ya miaka 6, mafunzo ya wazazi hutangulia. Dawa hiyo huweza kupunguza hamu ya kula, kwa hiyo mtoto anayeitumia apewe kifungua kinywa cha kushiba kabla ya kuimeza, na uzito wake ufuatiliwe. Maini, nyama, dagaa, maharage na kisamvu huongeza chuma. Chungwa au embe pamoja na mlo husaidia mwili kukifyonza, wakati chai inayonywewa na chakula hukizuia.

Mzazi aliyekwisha kununua kopo alipeleke kliniki pamoja na mtoto, daktari asome kilichomo na kiasi chake, hasa kama mtoto anatumia dawa nyingine. Vidonge na sharubati ya chuma vifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki, hasa ikiwa vimetengenezwa kama peremende. Mtoto mdogo akivimeza vingi vinaweza kumuua, na anayeshukiwa kuvimeza apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na chupa yenyewe, bila kusubiri atapike.