Mlinzi Aliyeuza Aliyoyaona

Atokaye Mombo akaipanda barabara ile ya kona nyingi inayopita Soni, hufika Lushoto akiwa ameliacha joto la nyikani, akaukuta mji mdogo wa baridi ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na ambao hivi leo, kama miji mingine ya Tanzania, haukosi vibanda vya steshenari. Humo ndimo mkulima apelekapo hati ya shamba lake itolewe kopi, na mwanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998, achapishapo kazi zake, na kijana aliyemaliza masomo atumapo maombi ya ajira; na aghalabu kila mmoja huja na flashi yake, akaichomeka katika kompyuta ileile iliyokwisha kupokea flashi za watu kadha wa kadha tangu asubuhi.

Si ajabu, basi, kwamba vairasi hupanda na kushuka milima hii pamoja na abiria. Maradhi mashuhuri ni yale ya faili kugeuka shotikati: mwenye flashi huona majina ya nyaraka zake yote yapo, walakini akibonyeza hapati alichokitaka, ilhali nyaraka zenyewe mara nyingi zimefichwa tu wala hazikupotea, na fundi ajuaye kazi yake huzifichua kwa dakika chache. Asiyejua huifomati flashi, na hapo ndipo hasara ya kweli inapotokea.

Dawa ipendwayo ni antivairasi ya bure, na miongoni mwa hizo ni mashuhuri ile ya kampuni ya Avast, ambayo habari yake yastahili kusimuliwa kwa utuo. Mwaka 1988, katika mji wa Prague, mtaalamu aitwaye Pavel Baudiš aliipata vairasi iliyojulikana kwa jina la Vienna, akaandika programu ya kuiondoa, kisha yeye na mwenziwe Eduard Kučera wakaanzisha ushirika wao, Alwil, uliokuja kuwa Avast, hali nchi yao ingali chini ya utawala wa Kikomunisti. (Huku kwetu wakati huo kompyuta zilikuwa adimu, maana Serikali ilikwisha kupiga marufuku uingizaji wake mwaka 1974, baada ya mpango wa kuzitia hesabu za Wizara ya Fedha katika mashine kwenda mrama, na hiyo ilikuwa kinga madhubuti dhidi ya vairasi, ijapokuwa simshauri mtu airudie.) Kampuni ilipoamua kuwapa watu programu yake bure, ilienea duniani, hata ikapata nguvu ya kuwanunua wenziwe: AVG mwaka 2016, na mwaka uliofuata Piriform ya London, watengenezaji wa CCleaner, programu ya kufagia takataka za kompyuta.

Ufagio huo wenyewe ulikuwa umekwisha kutiwa sumu. Wadukuzi waliingia katika mitambo ya Piriform kabla haijanunuliwa, wakapenyeza programu yao ovu ndani ya toleo halali lenye muhuri halali wa kampuni, na baina ya Agosti na Septemba 2017 kompyuta zipatazo milioni 2.27 zililipokea toleo lile kwa imani kamili. Katika hilo naihesabu kampuni kuwa ni yenye kudhulumiwa, maana mwizi huvunja hata nyumba ya polisi.

Lililofuata halina udhuru. Kwa miaka kadhaa, tangu 2014, programu ya kinga ya Avast pamoja na viongezo vyake vya kivinjari vilikusanya habari za kurasa walizozitembelea watumiaji, na kampuni tanzu iitwayo Jumpshot ikaziuza kwa wanunuzi zaidi ya mia moja. Na kurasa hizo huonyesha maradhi ya mtu, dini yake, madeni yake na siasa zake. Ni sawa na mlinzi uliyemweka shambani akufukuzie nyani, naye kila jioni akateremka Soni kumwarifu dalali kiasi cha mahindi yaliyokomaa na shida inayokusukuma kuyauza. Waandishi walipoifichua biashara hiyo, Jumpshot ikafungwa Januari 2020, na mwezi wa Februari 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5, na kuikataza kuuza habari kama hizo kwa ajili ya matangazo. Kilichozidisha ubaya wa khiyana hiyo ni kwamba bidhaa yao ilinadiwa kuwa kinga dhidi ya wapelelezi wa mtandaoni.

Sasa turejee Lushoto, kwa sababu haifai kuicheka Prague ilhali kwetu hali ni ileile kwa kipimo kidogo. Itazame siku moja sura ya kompyuta ya steshenari: vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, mikataba ya mashamba, barua za mahakamani, picha za pasipoti, vyote vimetapakaa hapo tangu mwaka juzi, na yeyote aketiye kwenye kiti kile aweza kuvisoma. Hakuna antivairasi itakayovilinda, maana mashine haiwezi kukisia kwamba hati hizo hazikupasa kuwapo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa shughuli iliyokusudiwa, wala zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Nami sioni kwa nini mwenye kibanda ajihesabu kuwa nje ya takwa hilo.

Kwa hiyo, ewe mwenye steshenari, kabla ya kutafuta programu nyingine ya bure, iwezeshe kinga iliyokuja na Windows yako, uiapdeti, na kila jioni uzifute hati za wateja. Nawe mteja, kabla hujatoa pesa, omba faili yako ifutwe mbele ya macho yako, na kapu la taka la kompyuta nalo limwagwe.