Vitabu Vitoke Kabatini, Watoto Wapende Kusoma

Mtaala wa Darasa la I na la II ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 uliweka mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Hata hivyo, kujua kusoma si kupenda kusoma. Hamu hiyo hufifia pale vitabu vya hadithi vinapofungiwa kabatini kwa hofu ya kuchakaa.

Shule inaweza kutenga dakika 15 kila siku, mwalimu akasoma hadithi kwa sauti na kuikatisha inapofika patamu, ili wanafunzi waimalizie wenyewe kitabuni. Kona ya kusomea darasani humpa mtoto fursa ya kuchagua kitabu akipendacho, na daftari la kuazima humwezesha kukipeleka nyumbani akawasomee wadogo zake. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimetimiza kazi yake.