CHUMVI YA MADINI KWA MIFUGO: UCHAGUZI NA MATUMIZI YAKE

Ng'ombe wa maziwa anayetembea kwa ugumu, anayetafuna mifupa na vitambaa, na anayechelewa kuhitaji dume baada ya kuzaa, huenda amepungukiwa na fosforasi. Upungufu huo huzidi wakati wa kiangazi, majani yanapokauka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu Arnold Theiler alithibitisha huko Afrika Kusini kuwa ng'ombe wenye upungufu huo walitafuna mifupa ya mizoga, wakala sumu iliyowapoozesha na kuwaua.

Kila lita ya maziwa huchukua gramu 1.2 hivi za kalsiamu na karibu gramu 1 ya fosforasi. Malisho yasiporudisha madini hayo, mnyama huyatoa katika mifupa yake mwenyewe.

Uchaguzi

Wafugaji wengi huwapa ng'ombe magadi. Magadi yana sodiamu, lakini hayawezi kuziba upungufu wa fosforasi. Aidha, magadi ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floridi nyingi, ambayo huharibu meno, mifupa na viungo. Kwa sababu hiyo hiyo, mbolea ya fosfeti ghafi isilishwe mifugo kamwe.

Katibu anayenunua kwa niaba ya wanachama asome kwanza maandishi ya mfuko: kiasi cha kalsiamu na fosforasi, mnyama aliyekusudiwa, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bei ya mfuko peke yake hudanganya. Mfuko wa kilo 50 wenye fosforasi asilimia 12 una kilo 6 za fosforasi. Ule wenye asilimia 4 una kilo 2 tu. Hata huo wa pili ukiuzwa kwa nusu ya bei, fosforasi yake ni ghali zaidi, maana mifuko mitatu ndiyo inayolingana na mmoja.

Hadhari

1. Madini ya ng'ombe yasipewe kondoo. Shaba iliyomo hujikusanya katika ini la kondoo na huweza kumwua ghafla.

2. Mawe ya kulamba yenye urea ni ya wanyama wakubwa wanaocheua. Ndama wadogo wasipewe. Yawekwe mahali pasiponyeshewa, kwa kuwa maji yaliyoyeyusha urea ni sumu.

3. Ng'ombe aliyekaribia kuzaa asizidishiwe kalsiamu. Mwili wake huzoea kuipata kwa wingi katika chakula, ukashindwa kuitoa mifupani maziwa yanapoanza. Hapo ndipo homa ya maziwa humwangusha, mara nyingi katika siku 3 za kwanza. Dawa yake ya sindano ya mshipani hutolewa polepole na mganga wa mifugo, kwani haraka huweza kusimamisha moyo.

4. Unga wa mifupa usiojulikana ulikotoka usinunuliwe. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1988 kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa ya wanyama wanaocheua, baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kutambuliwa mwaka 1986.

Ikumbukwe kuwa madini ni chakula, si dawa ya kila kilema. Mnyama anayechechemea achunguzwe kwato. Akiwa pia na malengelenge mdomoni na udenda mwingi, atengwe, na afisa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa ugonjwa wa miguu na midomo huenea upesi. Inafaa kila chama kiwasomee wanachama hadhari hizi kabla ya kugawa mifuko.