Lugha ya Pili na Riziki, Migori na Homa Bay

Mpakani Isebania, Kaunti ya Migori, Mkuria wa Kenya hupatana bei na Mkuria wa Sirari, upande wa Tanzania, kwa Kikuria chao, wala hapana haja ya mkalimani. Lakini mfanyabiashara anayekwenda mpaka Mwanza kununua dagaa, ambao kwao Migori huitwa omena, hana budi kujua Kiswahili barabara. Asiyekijua humtegemea dalali, na dalali hali upepo: katika kila gunia hukata fungu lake. Anayejisemea mwenyewe hurudi nyumbani na fedha hizo mfukoni.

Kwa karani mambo ni mengine kidogo. Katiba ya mwaka 2010 ilifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Kenya, basi hakuna anayemshangaa karani kwa kuzijua zote mbili. Wako vijana wengi wenye lugha tatu na cheti, na bado hawana kazi. Lugha humfaa zaidi aliye na ufundi wa kuutumia pamoja nayo, kama vile hesabu za forodha au uganga wa mifugo.

Tena faida hiyo imepata kuwa na gharama. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, Homa Bay, walishika Kijaluo kwa ajili ya soko, ndoa, kanisa na shule, na kiliwafaa sana. Ila hawakukiongeza juu ya Kisuba, walibadilisha. Leo huko Rusinga wanaokisema Kisuba ni wazee wachache.